Makaratasi ya mzee mwandishi yabaki Iringa, na yabaki yote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na mnisamehe kwa urefu maana jambo lenyewe halisemeki kwa mistari mitano. Mimi nina steshenari hapa Iringa mjini, kutaipu, fotokopi, baindingi na hizo kazi nyingine ndogondogo, na kwa miaka mingi mteja wangu mmoja alikuwa mwalimu mstaafu ambaye aliandika riwaya za kihistoria, za zama za Mkwawa, mtemi wa Wahehe, na za baada ya hapo, Wajerumani walipokaa mpaka Waingereza walipokuja. Jina lake silitaji, familia bado wako kwenye mazungumzo na mi si msemaji wao, ila wenyeji wa huku waliosoma vile vitabu viwili vilivyowahi kutoka watajua tu namsema nani. Vingine vyote vimebaki miswada. Mzee katutoka, chumba chake kimejaa makaratasi mpaka uvunguni, na nyumba inatakiwa ipangishwe.

Kwenye kikao cha familia niliitwa kwa sababu mwandiko wake nausoma bila shida. Mjukuu mmoja, kijana mzuri tu ila ana haraka zake, akasema tuchukue vitabu vilivyochapwa viwekwe kabatini kama ukumbusho, hiyo miswada iliyotaipiwa iingizwe kwenye flashi, na madaftari mengine yote yauzwe kwa kilo. Mnajua makaratasi ya kilo yanaishia wapi mji huu, yanafungia karanga na maandazi stendi. Bibi, mke wa marehemu, akacheka akasema, "Jamani wanangu, haya makaratasi miaka yote yananiletea mchwa ndani na yanamaliza hela ya mboga, leo eti ni mali?" Watu wakaangua kicheko, na mimi pia, maana bibi ana haki yake, yeye ndo aliyekuwa anayafagilia.

Lakini ninachotaka kusema ni hiki. Kwa mwandishi wa riwaya ya kihistoria, kitabu kilichochapwa ni kipande tu cha kazi, na kwa sisi wa huku pengine si hata kile chenye thamani zaidi. Yale madaftari ambayo kijana anataka yauzwe kwa kilo ndo yenyewe.

Chukua vita ya Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipokivizia kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, wakamuua yeye na askari wake wengi. Ukitaka kuisoma hiyo vita kwa maandishi ya wakati ule utasoma ripoti za Wajerumani. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilivyoanguka mwishoni mwa Oktoba 1894, Wajerumani tena. Maisha ya Iringa ya miaka ile ya mwanzo, kitabu kinachotajwa sana ni cha Magdalene von Prince, mke wa yule afisa Tom von Prince, kilitoka Ujerumani 1903. Sisemi waliandika uongo, ila waliandika wakiwa wamesimama upande wa boma. Upande wa pili haukuandikwa, ulisimuliwa, na waliokuwa wanausimulia hawapo tena.

Sasa huyu mzee alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anahamishwa hamishwa, leo Kalenga, kesho Ifunda, keshokutwa Kilolo, na kila alipopelekwa alikuwa anawatafuta wazee jioni anakaa nao, hiyo ni miaka ya 70 wakati bado unampata mtu ambaye baba yake mzazi au babu yake alikuwepo. Akawa anaandika kwenye madaftari ya shule, yale ya kawaida yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mengine upande mmoja ni hesabu za watoto zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu, ukigeuza unakuta simulizi ya mzee fulani, jina lake, kijiji chake, tarehe waliyoongea, na chini kabisa kaandika "huyu anachanganya Mkwawa na baba yake Munyigumba, kuwa makini". Mtafiti gani alilipwa kuandika hivyo? Alijilipa mwenyewe kwa mshahara wa mwalimu.

Kuna ukurasa mmoja niliutaipu mara tatu, ni usiku wa baada ya ile vita. Mara ya kwanza alileta kurasa kama nne, mashujaa wanaimba, moto unawaka, watu wanajisifu, yaani ungeupeleka redioni siku ya sikukuu ya kitaifa. Baada ya kipindi akarudi na ule ule mswada, kurasa zote nne zimepigwa mstari wa wino mwekundu kutoka kona mpaka kona na pembeni kaandika kwa herufi ndogo, "Bibi wa Kalenga anasema hakuna aliyeimba. Muulize tena." Mara ya tatu pale pamebaki mistari miwili tu. Kwenye kitabu kilichochapwa iko hiyo mistari miwili, na msomaji anaipita tu hajui kuna kurasa nne zimezikwa chini yake na bibi mmoja ndo aliyezizika. Yule bibi hayupo kwenye kitabu, yupo kwenye daftari tu, tukiliuza kwa kilo ndo kafutika. Na ukiniuliza mimi, yeye ndo historia, mistari miwili ni sanaa ya mzee.

Halafu kuna kaseti, zimejaa kwenye boksi la viatu, mahojiano mengi ni ya Kihehe tupu, Kihehe cha zamani ambacho vijana wangu dukani wanakisikia wanatazamana. Kuna ramani alizochora kwa mkono, njia za miguu na mtu anatembea saa ngapi kutoka wapi mpaka wapi. Kuna barua za wachapishaji za mwanzoni mwa miaka ya 80 wakati karatasi zimeadimika nchini, wanamjibu kwa adabu kwamba mswada wake ni mzuri lakini hawana karatasi, asubiri. Alisubiri. Barua kama hizo zinaonyesha kwa nini kizazi kizima cha waandishi wa mikoani hakikuonekana, nikisoma makala za watu wanaouliza eti "mbona nyanda za juu hakuna waandishi" huwa natamani niwatumie fotokopi.

Habari ya mswada kusubiri si ngeni nchi hii. Aniceti Kitereza kule Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere kwa Kikerewe mwaka 1945, ndani yake kaweka maisha ya Wakerewe wa zamani kwa undani ambao sidhani kama upo mahali pengine. Ikaja kuchapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, Tanzania Publishing House, na mwenyewe akafariki 1981. Miaka 35 ile kazi iliishi kama makaratasi tu. Angetokea mjukuu mwenye haraka katikati hapo leo tusingekuwa na cha kuzungumzia.

Na kwa sisi wa kazi ya kutaipu kuna kisa cha Chinua Achebe ambacho nawasimulia vijana wangu kila anapoajiriwa mpya. Mwaka 1957 alituma London mswada wa riwaya yake ya kwanza, Things Fall Apart, nakala ya pekee, ya mkono, kwa watu wa kutaipu aliowaona kwenye tangazo. Hela walishapokea, wakakaa kimya miezi. Ikabidi bosi wake wa utangazaji aliyekuwa anakwenda Uingereza likizo awafuate ofisini kwao awabane, ndo wakaitaipu. Kumbe ilikuwa imetupwa pembeni tu. Ikatoka 1958, na mnajua ilifika wapi. Leo karatasi za Achebe ziko Harvard, Marekani, zimepangwa vizuri, unaomba faili unaletewa mezani. Nafurahi zimesalimika, ila Mnaijeria wa kijijini kwake akitaka kuziona ni viza na tiketi ya ndege.

Na wala si Waafrika peke yetu. Hilary Mantel, yule mama wa Kiingereza aliyeandika riwaya za zama za mfalme Henry wa Nane akapata tuzo ya Booker mara mbili, 2009 na 2012, karatasi zake ziko maktaba ya Huntington, California. Yaani Mwingereza anayetaka kuona Mwingereza mwenzake alivyoandika habari za mfalme wa Uingereza inabidi avuke bahari. Penye pesa na nafasi ndipo karatasi zinapokwenda, hata wakubwa wenyewe wanapoteza, sembuse sisi ambao hata mlango wa kugonga hatuujui.

Maana nimegonga. Nilikwenda ofisi moja inayohusika na mambo haya, sitaitaja, nikamweleza dada aliyekuwa mapokezi, akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, leta kitabu kilichochapwa, nakala mbili, tunapokea." Nikamwambia dada yangu kitabu kipo tayari maktaba, mi naongelea madaftari. Akaenda ndani akarudi, akasema madaftari ni ya familia. Simlaumu, ndivyo alivyofundishwa. Mchapishaji ana wajibu wa kupeleka nakala za kitabu Maktaba ya Taifa, na nyaraka za ofisi za serikali zina sheria yake, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Namba 3 ya 2002. Daftari la mwalimu mstaafu si kitabu na si faili la serikali, basi limekaa katikati hapo halina mwenyewe.

Zitunzwe wapi sasa? Kuna wanaosema zipelekwe Dar, Nyaraka za Taifa pale Upanga au Chuo Kikuu mlimani ambako maktaba yao ina sehemu ya Afrika Mashariki yenye miswada ya Kiswahili na karatasi za watu kama Hans Cory, yule mtafiti wa mila na desturi. Sina ugomvi na hizo sehemu, na kwenye hizo za Upanga kuna mpaka mafaili ya Wajerumani wenyewe, kwa hiyo kazi wanaijua. Lakini mi nasema asili ibaki hapa Iringa, nakala ya skani ndo iende Dar. Kwanza hali ya hewa. Karatasi adui yake ni joto na unyevunyevu, na Dar vyote viwili ni bure, bila kiyoyozi cha saa zote na luku ya kukilisha karatasi inavunda. Hapa kwetu tuna baridi na miezi mirefu ya ukavu, kuanzia Mei mpaka Oktoba hewa yenyewe inafanya nusu ya kazi bila bili ya umeme. Sisemi nyanda zote, Tukuyu mvua haikatiki na ukungu unaota mpaka kwenye viatu, ila Iringa mjini chumba chenye dari zuri na madirisha yanayofunga kinatosha kuanzia.

Pili, wasomaji wake wako hapa. Mwanafunzi wa Mkwawa, chuo kishiriki cha ualimu, anasoma historia ya mkoa huu huu, anaweza kushuka kwa daladala akasikiliza ile kaseti pamoja na bibi yake wa kumtafsiria Kihehe. Dar atampata wapi huyo bibi? Na tatu, hili la vitu vyetu kukaa mbali tunalijua kuliko mikoa mingi. Fuvu la Mkwawa lilitajwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita, na likaja kurudi 1954, miaka 56 tangu kifo chake, ndo likawekwa Kalenga lilipo mpaka leo. Wamoraviani walioanza Rungwe mwaka 1891 kumbukumbu nyingi za misheni yao ziko Herrnhut, Ujerumani. Mtoto wa Tukuyu akitaka kusoma jinsi babu zake walivyopokea wageni anaanza na kujifunza Kijerumani. Hizi za mzee kwa bahati bado ziko mtaani kwetu, hakuna aliyezibeba, wa kuzipoteza ni sisi wenyewe.

Sehemu zipo. Boma letu hapa mjini, jengo la Wajerumani, tangu 2016 ni makumbusho na watalii wanaingia. Vyuo tunavyo, Mkwawa, Iringa, Ruaha, kila kimoja kina maktaba na kila maktaba ina chumba kimoja kimefungwa kina viti vibovu, hicho ndo nakitaka. Viti vitoke, chumba kipigwe dawa ya mchwa, ziwekwe rafu za chuma zisizogusa ukuta wala sakafu, maboksi ya karatasi isiyo na asidi hayo yaagizwe kidogokidogo. Mtu mmoja aliyesomea utunzaji wa nyaraka, na vijana waliosomea hiyo kazi wapo, wengine nawachapia barua za kuomba ajira kila wiki.

Wakati tunangoja, naomba na wengine wenye wazee waandishi majumbani wanisikilize kwenye haya maana ni ya fani yangu. Msipige laminesheni. Najua mnaipenda, vyeti vyote vya kuzaliwa mji huu nimevipiga laminesheni mimi, lakini mswada wa mkono ukishaupitisha kwenye ile mashine ya moto umeugundisha plastiki moja kwa moja, haitoki tena bila kuharibu. Soloteipu hivyo hivyo, inageuka njano na gundi inakula wino. Toa raba bendi na pini zenye kutu, hizo zinatoboa na kuchafua, ila usipange upya. Hili watu hawaamini. Ukimkuta mzee kachomeka risiti ya mafuta ya taa katikati ya sura ya saba iache hapo hapo, tarehe ya ile risiti inaweza kukwambia sura ya saba iliandikwa lini. Mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa nao si dawa, unyevu unabaki ndani. Kaseti usizijaribu kwenye redio ya zamani inayokula tepu, subiri apatikane mtu wa kuziingiza kwenye kompyuta mara moja vizuri. Skani iwe angalau dpi 300, yaani nukta 300 kwa inchi, na isevu kwa TIFF, faili la picha lisilopunguza ubora, hizo picha za simu ni msaada wa haraka siyo mbadala. Na flashi jamani. Mzee alikuwa na flopi za miaka ya 90 na leo mji mzima sijapata mashine ya kuzisoma, wakati daftari lake la 1974 nalifungua na kulisoma hapo kaunta.

Familia nyingi zinaogopa vitu viwili, na kwenye kikao chetu vilitoka vyote. Cha kwanza, tukitoa makaratasi wenzetu watatajirika na kitabu. Hapana, karatasi na haki ya kuchapa ni vitu viwili tofauti. Kwa sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 haki inabaki kwa warithi miaka 50 baada ya mwandishi kufa, hata kama daftari lenyewe liko kwenye rafu ya chuo, cha muhimu mkataba wa kukabidhi uandikwe hivyo na usomwe kabla ya kusaini. Cha pili ni siri. Binti mkubwa wa marehemu hataki barua fulani zisomwe, na kaseti nyingine zina mambo ya matambiko ambayo wazee waliyasema wakiwa wanamwamini yeye, si mji mzima. Hilo nalo lina njia, duniani kote boksi linafungwa kwa miaka ambayo familia imetaja, ishirini, thelathini, mpaka waliotajwa wametangulia. Kufunga boksi si kuchoma. Nilimwambia hivyo, akanyamaza, akaniuliza funguo anakaa nazo nani. Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na chuo kitakachokuja kije na jibu lake kwenye maandishi.

Nimalizie na maombi. Yeyote aliyewahi kuandikiana barua na mwalimu wa Iringa aliyekuwa anauliza uliza habari za zamani, hasa walimu wenzake wa Njombe, Mufindi na Mbeya huko, asizitupe, barua alizopeleka yeye hatunazo, mnazo nyie. Wenye boma na wenye vyuo, bibi amekubali chumba kisiguswe kwa sasa na mpangaji ameambiwa angoje, lakini bati la upande ule linavuja na mvua huku zinaanza Novemba. Mje kabla ya hapo. Mkiandikia gazeti hili barua itanifikia, mi nitawapeleka kwa familia na nitawasomea mwandiko.

Kamwene.

Mwenye steshenari,
Iringa